Majibu mawili ya mbegu za kiume ndani ya wiki tano hayafanani hata kidogo, niamini lipi kabla ya kupandikiza?

Kijana_wa_Subira

Wakuu habari zenu, samahanini uzi utakua mrefu ila naomba mnisome mpaka chini maana hili jambo siwezi kumuuliza mtu ana kwa ana.

Mimi nina miaka 34, waifu 36, huu mwaka wa tatu tunatafuta mtoto na hata kuchelewa siku mbili hajawahi. Yeye kashapimwa kila kitu, homoni, ultrasaundi, mirija wamempiga ile picha ya kuingiza dawa ikaonekana iko wazi yote miwili, yai linapevuka vizuri. Miaka miwili nzima anapimwa yeye tu, mimi kazi yangu kukaa kwenye benchi nimeshika mkoba wake. Juzi kati ndo dokta mpya akaniangalia akaniuliza, na wewe bwana umeshapima lini? Nikasema bado. Akashusha miwani akaniangalia tena.

Basi nikapima. Jibu la kwanza: ujazo mililita 0.9, mbegu milioni 7 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 18, zenye umbo zuri asilimia 2. Dokta kasoma hata dakika haijaisha akasema hapa tusizunguke, moja kwa moja ICSI, ile ya kuchukua mbegu moja na kuidunga ndani ya yai. Nilitoka pale sikumbuki hata nilishukaje ngazi.

Wiki tano baadae nikaenda kimya kimya maabara nyingine, waifu mwenyewe hajui. Jibu: mililita 2.6, milioni 24 kwa mililita, zinazokwenda mbele asilimia 35, umbo zuri asilimia 3. Sasa huyu na yule ni mwanaume mmoja kweli?

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Ile mara ya kwanza nilipimia palepale kliniki, kachumba kadogo, kiti cha plastiki, na nje kuna mtu anajaribu kitasa kila baada ya dakika mbili. Nikasema kimoyomoyo nimalize nitoke. Ilipofika saa yenyewe ule mruko wa kwanza wote ukaenda pembeni, ukaishia kwenye tailizi. Kilichoingia kikombeni ni cha mwisho mwisho. Nikafuta chini kwa tishu, nikafunga mfuniko, nikampa dada wa dirishani, akaniuliza "yote imeingia?" nikajibu ndio. Nilikua naona aibu jamani, yule dada mdogo kuliko mdogo wangu.

Halafu nilikaa siku 11 bila tendo nikijua zitajaa. Na wiki sita kabla ya kipimo hicho niliumwa homa kali sana, siku nne nyuzi 39 na zaidi. Hii ya pili nilikaa siku 4 tu, nikatolea nyumbani, nikafikisha ndani ya dakika 35.

Niamini lipi? Na ICSI twende au tusubiri? Matusi naomba mniwekee baadae.

Fundi_Hadubini

Mkuu pole. Niko maabara miaka mingi, nasoma hizi sampuli kila siku ya kazi, ngoja nikwambie jambo moja, inawezekana kabisa maabara zote mbili ziko sahihi. Hadubini inahesabu kilichoingia kwenye kikombe, cha kwenye tailizi haikijui.

Huo mruko wa kwanza ulioudondosha ndo wenyewe. Shahawa haitoki kama maji ya bomba, kitu kimoja mwanzo mwisho. Ya mwanzo inakuja na mbegu nyingi pamoja na majimaji ya tezi dume, halafu ndo yanafuata yale ya kwenye vifuko vya shahawa, ambayo ndo mengi zaidi kwa ujazo ila kwa mbegu ni haba, yamejaa sukari tu. Ukipoteza mililita moja ya mwanzo hujapoteza theluthi ya sampuli, umepoteza sehemu kubwa ya mbegu. Na yule dada hakukuuliza kwa umbea, lile swali lipo kwenye fomu yake. Ungesema "ya kwanza imemwagika" angeandika pembeni ya ripoti na dokta angeisoma kwa jicho lingine, au ungeambiwa tu rudi baada ya siku tatu. Wanaume wengi mno wanadanganya hapo dirishani, na mimi wakati naanza kazi nilikua simuulizi mtu, naona aibu kuliko yeye.

Sasa homa. Mbegu moja mpaka iive inachukua siku sabini na kitu ndani ya korodani, halafu inakaa tena wiki moja au mbili kwenye kile kimrija kilichojikunja kwa nyuma ikijifunza kuogelea. Kwa iyo unachotoa leo kilianza kutengenezwa karibu miezi mitatu nyuma. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinataka ubaridi wa nyuzi mbili mpaka nne chini ya joto la mwili, na wewe ulizipika siku nne. Wiki sita baada ya homa ndo ulikua katikati ya shimo. Wiki kumi na moja baada ya homa, yani kipimo cha pili, shimo linaanza kufukika. Majibu yako yanafuata kalenda ya homa vizuri tu.

Siku 11 nazo. Tunasema siku 2 mpaka 7. Chini ya hapo hazijajaa, juu ya hapo zinajaa kweli ila ni mchanganyiko na zile zilizozeeka na kufa humohumo, mwendo unashuka. Watu wanadhani ni kama tangi la maji, kadri unavyofunga bomba ndo unavyofaidi. Si hivo.

Hesabu yenyewe fanya hivi, usiangalie milioni kwa mililita peke yake, zidisha na ujazo. Ya kwanza 0.9 mara 7 ni milioni 6.3 kwa jumla. Ya pili 2.6 mara 24 ni milioni 62.4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani toleo la sita, la mwaka 2021, mstari wa chini ni ujazo mililita 1.4, milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazotikisika kwa aina yoyote asilimia 42, zinazokwenda mbele 30, umbo zuri 4. Na huo mstari wenyewe watu wanausoma vibaya. Walichukua wanaume ambao wenza wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakawapanga kuanzia wa chini, wakakata pale kwenye asilimia 5 ya chini. Maana yake katika kila baba mia, watano wako chini ya mstari na watoto wanao. Na kuna walio juu ya mstari hawajapata. Sio ukuta kwamba huku mzazi huku tasa.

Hiyo ya umbo isikunyime usingizi. Tunapaka rangi kwenye kioo, tunahesabu mbegu 200, tunaangalia kichwa kama kiko duara refu, shingo, mkia. Asilimia 2 na asilimia 3 ni mbegu nne na mbegu sita katika mia mbili. Nikikaa mimi na mwenzangu kioo kilekile tunaweza kutofautiana hivo na wote hatujakosea.

Rudia cha tatu. Subiri itimie miezi mitatu na zaidi tangu homa, siku 3 au 4 bila tendo, maabara ileile ya pili ili usibadilishe jicho. Na mwambie dokta ukweli wa tailizi.

Tabibu_Asilia

Acheni kuhangaika na mamashine, kuna mchanganyiko wa mizizi siku 14 tu mbegu zinakua nzito kama uji na mimba mwezi unaofuata. Njoo piemu mkuu tuyajenge.

Fundi_Hadubini

Siku 14? Mbegu yenyewe siku sabini na kitu ndo inaiva mzee, hizo zako zimepitia mlango gani. Na uzito wa shahawa sio wingi wa mbegu, shahawa nzito isiyolainika ndani ya saa moja sisi tunaiandika kama kasoro.

Mke_wa_Mbeba_Vyuma

Kaka Subira pole sana, mimi nakusimulia ya kwetu maana wanaume hamsimulii.

Mume wangu jibu lake lilikua sifuri. Sio chache, sifuri. Aliikunja ile karatasi mara nne akaitia kwenye kitabu cha mwongozo wa gari, kule ambako hakuna mtu anafungua, na nyumbani akasema majibu bado. Nimeikuta miezi miwili baadae natafuta karatasi ya bima. Nilikaa kwenye gari nusu saa nzima. Sikulia kwa ajili ya sifuri, nililia kwamba miezi miwili hiyo mimi naendelea kumeza vidonge vya kupevusha mayai na yeye ananiangalia nameza.

Tulipoenda kliniki ya kwanza wakasoma sifuri, wakasema tafuteni mbegu za kuchangiwa, mkitaka tuanze mwezi ujao. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemuuliza anakula nini anafanya nini. Tukaenda kwa daktari mwingine, wa mambo ya wanaume hasa. Huyo cha kwanza akamwambia panda kitandani vua nikuangalie, akapima ukubwa wa korodani kwa mkono, akaagiza kipimo kirudiwe na sampuli izungushwe kwenye mashine mpaka mbegu kama zipo zikae chini, maana wakati mwingine zinakua tatu nne tu na hadubini ya kawaida inazikosa. Sifuri tena. Akaagiza damu, homoni za FSH na LH. Zikarudi ziko chini kabisa, karibu hazipo. Akaweka karatasi mezani akamuuliza mume wangu swali moja, "jimu unachoma nini?"

Kimya. Mume wangu anaangalia dirisha.

Kumbe mwaka na nusu anachoma testosteroni na wenzake wa jimu, na mimi nikijua ni protini. Dokta akatuchorea. Ubongo ndo unatuma ile FSH na LH kwenda kuamsha korodani. Ukijichoma homoni kutoka nje ubongo unaona damuni ipo ya kutosha, unanyamaza, na korodani nazo zinalala. Yani kifua kinajaa, kiwanda kinafungwa. Na kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba watu wanaichoma ili waonekane madume.

Aliacha. Miezi mitano ya kwanza alikua hana raha, hana nguvu, ugomvi kila siku, dokta akampa dawa za kuamsha ubongo tena. Mwezi wa nane zikaonekana chache, wakazigandisha palepale zisije zikapotea. Baada ya mwaka na kitu akafika milioni 11. Tulipandikiza, sasa binti ana miaka miwili anang'ata waya za chaji.

Nakwambia hivi kwa sababu umeandika kila kitu, homa, siku, tailizi, ila hujaandika unatumia dawa gani. Kama kuna sindano, vidonge vya misuli, hata dawa ya upara au ya tumbo ya mda mrefu, mtajie dokta yote.

Na mwambie mkeo kuhusu kipimo cha pili. Leo.

Baba_Pacha_41

Me nitapinga kidogo na Fundi, sio kwenye sayansi, kwenye mda.

Sisi tulirudia rudia vipimo vyangu mwaka mzima. Mara milioni 9, mara 14, mara 6, kila jibu tunasema tungoje lijalo, mimi nabadilisha bokseri, naacha sigara, naoga maji baridi asubuhi kama mwanajeshi. Kuacha sigara nilifanya vizuri sikatai. Ila mwaka ule waifu alitoka 38 akaingia 39, na walipokuja kuvuna mayai yakatoka manne. Dokta akatuambia bila kuzunguka kwamba mbegu za mwanaume zinatengenezwa upya kila siku ila mayai hayatengenezwi tena. Wewe mkeo ana 36. Wiki sita za kusubiri kipimo cha tatu ni sawa kabisa. Ila usije ukaingia kwenye mchezo wa kusaka namba nzuri kama mimi.

Kuhusu ICSI, kwa majibu ya kwanza dokta wako hakukosea kuitaja. Imetengenezwa kwa ajili ya watu wa namba hizo, ilianzia Brussels, watoto wa kwanza wakazaliwa 1992, na kabla ya hapo mtu wa mbegu chache hata IVF ya kawaida ilikua haimsaidii sana, maana pale mbegu zinamwagwa kwenye sahani na yai halafu zipambane zenyewe. Ila kwa namba za pili ICSI sio lazima. Kama mbegu ziko sawa, kudunga hakuongezi nafasi ya mtoto, kunaongeza bili. Namba kama zako za pili watu wengine wanaanza hata na IUI, wanaziosha, wanachukua zile zinazoogelea vizuri wanaziingiza moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi siku ya yai. Muulize dokta, "je nikileta cha tatu kikiwa kama cha pili, bado ungesema ICSI?" Jibu lake litakuonyesha kama anatibu wewe au anatibu karatasi.

Na ushauri ambao mimi sikupewa, siku ya kuvuna mayai waifu yuko chini ya usingizi, wewe unapewa kikombe uende. Kachumba kalekale, kitasa kilekile. Nilikaa saa moja na dakika arobaini, mwili umegoma kabisa, jasho linanitoka, nesi anagonga taratibu "baba tunasubiri". Ilitoka mwishoni ila nisingependa adui yangu apitie. Baadae ndo nikaambiwa kumbe ningeweza kugandisha sampuli mapema, inakaa kwenye naitrojeni ya maji nyuzi 196 chini ya sifuri, ya akiba. Baadhi hufa kwenye kuyeyushwa, ila kwa ICSI zinatakiwa chache tu, mbegu moja kwa yai moja. Wewe ushajijua kwamba kachumba kanakushinda, gandisha akiba.

Kijana_wa_Subira

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Mke wa Mbeba Vyuma, dada yangu, hapana sichomi kitu, jimu yenyewe naisikia kwenye redio. Natumia dawa za pumu za kuvuta tu. Ile ya karatasi kwenye kitabu cha gari imenichoma maana ya kwangu iko kwenye sanduku la viatu.

Maswali ya nyongeza. Moja, maabara ya pili wananishawishi nilipie kipimo cha kuangalia vinasaba ndani ya mbegu kama vimekatika. Mbili, zinki na foliki asidi kila mtu ananiambia meza. Tatu, dokta wa kwanza hakunigusa kabisa, nilikaa kwenye kiti nimevaa suruali yangu mwanzo mwisho, hii ni kawaida? Nne, Fundi, kama ile mililita 0.9 ingekua haijamwagika ingemaanisha nini?

Fundi_Hadubini

Naanza na la tatu kwa sababu ndo la maana. Sio sawa. Lazima mtu akushike akiwa amekusimamisha wima. Anatafuta mishipa iliyovimba juu ya korodani, varikoseli, ukiigusa utadhani umeshika rundo la minyoo ndani ya ngozi. Mara nyingi iko kushoto, kwa sababu mshipa wa damu wa kushoto unapanda mrefu na kuingia kwenye mshipa wa figo kwa kona ya mraba, damu inarudi chini kirahisi. Kwa wanaume wote ni kama 15 katika mia wanayo na wengi haiwasumbui, ila kwa wanaohangaika na uzazi wanafika theluthi na zaidi. Ikiwa inashikika kwa mkono na majibu ni mabaya, kuifunga kunaweza kupandisha namba, japo ni miezi kadhaa ya kusubiri, na hapo Baba Pacha ana hoja na umri wa shem. Hadubini yangu haiwezi kuona hiyo mishipa, ni vidole vya daktari tu.

La nne. Ujazo mdogo usio na ajali ni habari nyingine. Kuna waliozaliwa bila ile mirija ya kupitisha mbegu, kuna walioziba, na kuna wale ambao shahawa inarudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje, hasa wenye sukari ya mda mrefu au waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume. Hawa tunawapima mkojo wanaotoa mara baada ya kumaliza, na wengine tunazikuta humo zinaogelea zimechoka. Ndo maana nakwambia tailizi yako ingeweza kukuzungusha kwenye vipimo vya watu wengine kabisa, ungechomwa sindano za damu za bure.

Sifuri nayo ni sifuri za aina tatu. Ya kiwanda kuharibika, ya barabara kuziba na ya umeme kukatwa. Ya barabara kuziba mara nyingi mbegu zimejaa ndani, daktari anazichukua kwa sindano kwenye korodani au kile kimrija cha nyuma, zinaenda ICSI. Ya kiwanda, FSH ikiwa juu sana maana yake ubongo unapiga kelele na korodani haziitiki, hapo wanapima kromosomu, yani vile vifurushi vya vinasaba, na upungufu kwenye ile ya kiume ya Y kabla ya kufungua kitu chochote. Ya mume wa dada hapo juu ilikua ya tatu, kiwanda kizima ila umeme umekatwa, na ndo maana kumkatia tamaa siku ya kwanza ilikua kosa.

La kwanza, hicho kipimo cha kukatika vinasaba kipo na sio utapeli, lakini hakishauriwi kwa kila anayeanza. Wanakitafuta zaidi mimba zikiwa zinatoka mara kwa mara. Tena wewe ukipima saivi na homa bado iko nyuma yako utalipia kuambiwa ulikua na homa.

La pili, zinki na foliki asidi kulikua na utafiti mkubwa Marekani, wenza zaidi ya elfu mbili, majibu yakatoka mwaka 2020, waliomeza na waliomeza kidonge cha uongo wakatoka sawa, kwenye mbegu na kwenye watoto. Kama hupungukiwi, usipoteze hela. Sigara, pombe nyingi, bafu za mvuke, laptopu ya moto mapajani kila siku, hivo ndo uvikate. Bokseri ya kubana badilisha ukitaka, haina gharama.

Cha tatu ukitolea nyumbani: kikombe kiwe cha maabara sio cha kwako, mate hapana, sabuni hapana, mafuta ya kulainisha hapana, kondomu ya kawaida hapana maana baadhi zina dawa ya kuua mbegu na hata mpira wenyewe hauzifai. Andika saa uliyotoa kwenye kikombe. Kibebe ndani ya shati karibu na mwili, usikiweke mbele ya kiyoyozi wala kwenye dashibodi ya jua, kifike ndani ya saa moja.

Mke_wa_Mbeba_Vyuma

Na mkeo ushamwambia?

Kijana_wa_Subira

Nimemwambia jana usiku dada. Nilitoa sanduku la viatu nikaziweka karatasi zote mbili kitandani nikaanza kueleza kwa mpangilio nimejiandaa kabisa, nikafika kwenye tailizi. Alijaribu kujizuia. Akashindwa, akacheka mpaka akalala chini, na mimi nikaanza kucheka, miezi mingi hatujacheka hivo. Halafu akanyamaza akaniuliza kwa nini kipimo cha pili nilienda peke yangu. Hilo sikua na jibu zuri. Tumelala saa nane.

Leo asubuhi amepiga simu yeye mwenyewe kliniki. Nina miadi ya daktari wa wanaume wiki ijayo, wa kunigusa, na cha tatu tumekipanga baada ya wiki nne, itakua miezi minne kamili tangu homa kama sijakosea hesabu. Ikitoka kama ya pili tunauliza kuhusu IUI mara chache tu, zikigoma tunaenda IVF bila kuzungushana, yeye ndo ameweka huo mpaka na tarehe kaandika kwenye kalenda ya ukutani. Akiba ya kugandisha pia nimeuliza, wamesema inawezekana.

Baba_Pacha_41

Safi sana. Siku ya kikombe omba kile chenye mdomo mpana.

Fundi_Hadubini

Vyote vina mdomo mpana mkuu, ni yeye ndo alikua anaangalia kitasa.